Mshika Koleo

Kaka yangu nikimweleza kwa mtu asiyemjua, huwa naanza na siku aliyomnyoa baba ndevu. Baba alikuwa kitandani mwezi wa pili, ini limekwisha, hata nzi usoni hawezi kumfukuza. Mimi nilikataa kuingia chumba kile. Nilisimama mlangoni tu, nikamwona kaka kamshika mzee kidevu kwa mkono wa kushoto, wa kulia una wembe, anauteremsha shingoni polepole. Nikamwambia, "Kaka, wembe unao, shingo hiyo hapo. Unangoja nini?" Hakugeuka. Akasuuza wembe kwenye bakuli, akasema, "Ndevu zimekua." Basi. Huyo ndiye kaka yangu, na kama hujamwelewa usijali, mimi nimekaa naye miaka thelathini na moja na sijamwelewa.

Baba alikuwa dereva wa malori. Akiwa safarini, tulikula tukacheka kama watu. Akirudi, kabla hajavua viatu keshapata kosa la mtu. Nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na msumari, na msumarini kulining'inia mkanda wa feni ya lori, ule wa mpira mweusi. Tulikuwa watatu wa kupigwa, na kila mmoja alipigwa kwa namna yake. Mama aliomba radhi, hata kwa makosa ambayo hayajatendeka bado. Mimi niling'ata. Nilimng'ata baba kidole cha shahada mpaka nikausikia mfupa, nikachapwa hadi nikajikojolea, na juma lililofuata nikamng'ata tena.

Kaka alisimama. Hakukimbia, hakulia, hakuinua hata mkono kujikinga. Na hilo ndilo lililomtia baba wazimu. "Lia!" anamwambia. "Lia, nakwambia lia!" Mkanda unashuka, ngozi ya mgongo inafumuka, damu inaloanisha kaptura, na kaka kasimama wima anatazama ukuta. Siku moja baba alimpiga mpaka mkono ukamchoka, akajitupa kitini, akalia yeye. Majirani wakasema mtoto yule hana hofu kabisa. Uongo mtupu! Mimi nilikuwa chini ya meza, natazama miguu yake. Vidole vyote vimekunjika, vinang'ang'ania sakafu, kucha zimekuwa nyeupe.

Baba alipozikwa, mama aliniita jikoni. Hakuwa mtu wa maneno mengi makali, lakini siku ile alinikazia macho. "Mkono wa baba yako umekuja kwako," alisema. "Nimekuona. Utawapiga watu, siwezi kukuzuia, hata mimi nikizeeka itabidi nijichunge. Ila kaka yako usimguse. Yeye fungu lake ameshapigwa lote."

Nikaapa. Na mama alisema kweli, maana mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilimpasua kichwa mtoto wa jirani kwa kopo la maziwa. Nilimng'oa mume wangu jino kwa mwiko, na ndoa yetu ikafa ikiwa na miezi saba. Nilimsukuma dalali ngazini akavunjika bega. Sijivuni, nasimulia tu. Hasira yangu haipigi hodi. Huwa sisikii inapoingia, nasikia ikishatoka, nikiwa nimesimama juu ya mtu. Lakini kaka sikumgusa. Hata kwa mzaha, hata kumpiga kikofi cha begani, aka! Katika dunia nzima nilikuwa na mtu mmoja ambaye mkono wangu ulikuwa salama kwake, na hilo moja ndilo lililonifanya nijihesabu kuwa mimi siyo baba.

Kazi tulipata pamoja, kwenye karakana ya kufua springi za malori. Mwenye karakana tulimwita Mzee Kipimo, kwa sababu alidai anaweza kumpima mtu kwa nukta moja. Alikuwa na kitambi kigumu na mikono isiyo na nywele hata moja, zote ziliungua zamani. Elimu yake ya watu alijitungia mwenyewe. "Binadamu ni vyuma," alikuwa akisema. "Kuna chuma cha pua, ukikikunja kinarudi. Kuna chuma cha kumimina, hakikunjiki, siku yake ikifika kinapasuka vipande vipande. Kuna risasi, hiyo ukiipiga inabaki vile vile ulivyoipiga. Na kuna bati. Bati ni kelele tu."

Kila mgeni wa kazi alipimwa siku ya kwanza. Mzee anakuita karibu na moto anajifanya anakuuliza umri, kisha ghafla anaangusha kipande cha chuma chekundu hatua moja tu kutoka kwenye miguu yako. Mimi nilikipiga teke kikamrudia yeye, kandambili yangu ikashika moto, nikamtukana hadi bibi yake. Akacheka. "Chuma cha kumimina! Huyu apewe nyundo kubwa." Jina langu likawa Cheche kuanzia hapo. Wa pili alikuwa kijana mmoja mrefu tuliyekuja naye siku ile ile. Yeye aliruka juu ya benchi akaangua kicheko, akacheka, akacheka, mpaka Mzee akachoka. "Bati. Huyu akakae na feni apulize makaa." Akaitwa Kicheko.

Kaka alikitazama kile chuma. Akachukua koleo, akakiokota, akakirudisha motoni. Mzee Kipimo alipiga makofi. "Chuma cha pua hicho! Miaka kumi namtafuta mshika koleo wa namna hii. Hana hofu!" Mimi nilikuwa natazama chini. Vidole vya kaka vilikuwa vimekunjika ndani ya makubazi vikachimba udongo. Nilitaka kusema. Kaka akanitazama mara moja tu, na mimi nikameza maneno. Kazi tuliihitaji.

Wakampa jina la Gogo. Na kazi aliiweza, asikudanganye mtu. Kufua springi kunataka watu wawili wanaoaminiana. Mmoja ameshika bamba jekundu kwa koleo juu ya fuawe, mkono wa pili una kinyundo kidogo. Anapogonga kinyundo chake, hapo hapo nyundo kubwa ishuke. Akikilaza kinyundo ubavu, simama. Mdomo hauna kazi. Kaka aligonga, mimi nikashusha, aligonga, nikashusha, saa nzima bila neno, na nyundo yangu inapita kiganja kimoja tu mbele ya vidole vyake. Nakwambia, sijawahi kuongea na mtu vizuri kama nilivyoongea na kaka juu ya fuawe lile. Wateja walisimama kututazama.

Ila kulikuwa na jambo lililonikosesha raha. Mzee Kipimo alikuwa mtu wa kofi. Chuma kikiharibika, kofi, chai ikichelewa, kofi. Mimi alinijaribu mara moja tu, nikamrushia tindo likapita sikioni, akaniheshimu. Kicheko alipigwa akacheka, na kumpiga mtu anayecheka hakuna ladha. Kaka alipigwa akasimama. Kila kofi lilipomwangukia kaka, mpini wa nyundo ulinijia kiganjani wenyewe. Usiku mmoja kaka aliniambia, tukiwa tunakula, "Acha." Nikamuuliza, niache nini? "Unavyomtazama Mzee. Acha."

Yeye alikuwa anaona, ndugu zangu. Sisi tulimwita Gogo kumbe gogo lina macho. Mke wa Kicheko alijifungua mtoto mfu, na Kicheko alipoletewa habari palepale kazini alicheka. Nikaona huyu ni mnyama. Nilimtandika ngumi ya pua akaangukia lundo la makaa, na bado anacheka, machozi, kamasi na damu vimechanganyika mdomoni. Nikainua mguu nimkanyage. Kaka akasimama kati yetu, mikono yake iko chini, akasema kwa sauti ya kawaida, "Huyo analia." Nikamtazama tena Kicheko, na kweli, alikuwa analia. Kilio chake ndivyo kilivyotengenezwa. Alijuaje kaka? Simjui aliyemfundisha. Nilimwomba Kicheko msamaha, akaupokea akicheka.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi, jua halijapanda. Lori la vitunguu lilivunjika springi ya nyuma mbele ya karakana, mwenye mzigo akaja juu kama moto wa kifuu. Vitunguu vinaoza, soko linamngoja, ninyi ni mafundi au ni walevi? Akamtukana Mzee Kipimo mbele ya watu. Mzee akaja kututukana sisi. Tukafua bamba la kwanza haraka haraka, na lilipokuwa tayari kuzimwa, kaka akaligeuzia kwenye pipa la oili chafu, maana springi huzimwa kwenye oili ipoe taratibu. Mzee akapiga kelele, "Maji! Tia kwenye maji, oili itachelewesha!" Kaka akasita. "Maji, we gogo!" Kaka akalitia kwenye ndoo ya maji. Tukausikia mlio, ta! Bamba limepasuka katikati.

Mtoto mdogo wa fundi angejua kosa ni la nani. Lakini mwenye vitunguu alikuwa amesimama mlangoni anacheka kwa dharau, na Mzee Kipimo uso ulimjaa damu. Akamfuata kaka, akampiga kofi la shavu. "Umepasua bamba langu!" La pili likaja na nyuma ya mkono, pete ikamchana mdomo. Kaka kasimama, koleo mkono wa kulia, anatazama ukuta. "Sema kitu!" Kofi. "Sema, umbwa wewe!" Mzee akapapasa benchini, akaokota kipande cha mpira wa maji, akamchapa nacho shingoni, usoni, sikioni. Damu ikaanza kutiririka kwenye shati. "Sema! Nakwambia sema!" Kicheko pale kwenye feni anacheka kwa sauti nyembamba, hi hi hi, hawezi kuacha. Na kaka hasemi. Miguu yake imechimba ardhi.

Nilichokisikia mimi siyo sauti ya Mzee. Nilisikia ile nyingine, ya lia, nakwambia lia.

Nyundo ilikuwa mkononi. Sikumbuki kuiinua. Nakumbuka uzito wake ulipopita juu ya kichwa changu, na nakumbuka upara wa Mzee Kipimo ulivyokuwa unang'aa jasho, na nakumbuka raha. Nitasema kweli hata kama ni aibu, ilikuwa raha kubwa, kama mtu aliyebeba gunia miaka mingi akaambiwa tua. Nikaishusha kwa nguvu zangu zote, zile za kufua chuma. Mzee hakuwa ameniona. Angekufa pale pale bila kujua kilichomuua.

Kaka akasogea.

Yeye ambaye hakusogea kwa mkanda, hakusogea kwa moto wala kwa mpira wa maji, aliangusha koleo, akamsukuma Mzee kifuani kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto akaunyoosha chini ya nyundo yangu. Nyundo ikaukuta katikati ya kiwiko na kifundo. Ule mlio sitausimulia. Mkono ulikunjika mahali ambapo mkono haukunjiki, nyundo ikaendelea nao mpaka kwenye ukingo wa fuawe, na hapo chuma kikakutana na chuma na kilichokuwa katikati kikawa siyo mkono tena. Mfupa ulitoka mweupe kabla damu haijafika. Kisha damu ikafika, ikaruka kwenye fuawe lenye moto, ikachemka.

Hakupiga kelele. Alikaa chini tu, akautazama. Mimi ndiye niliyepiga kelele, na nasikia walinisikia hadi barabara kuu. Mzee Kipimo alikuwa chali kwenye vyuma chakavu, kajikojolea. Mwenye vitunguu alikuwa ameshakimbia. Aliyefanya kitu cha maana ni yule bati. Kicheko alivua shati, akalifunga juu ya kiwiko, akalikaza kwa spana mpaka damu ikapungua, huku anacheka na kulia vyote pamoja, anamwambia kaka, "Nitazame mimi, Gogo, nitazame mimi, usiitazame hiyo." Akambeba mgongoni.

Mkono ulikatwa siku hiyo hiyo, chini kidogo ya kiwiko. Daktari aliuliza nini kilitokea. Mzee Kipimo akajibu haraka kuliko mimi, "Nyundo imeteleza." Nikaiacha iandikwe hivyo. Mama alikuja jioni, akaketi upande wa pili wa kitanda. Hakuniuliza neno, wala hakunitazama, na mimi nilitamani anitukane.

Siku ya nne Mzee Kipimo akaja wodini, amevaa shati la kupiga pasi, kabeba machungwa kwenye mfuko. Mdomo wa kaka ulikuwa bado una mshono wa pete yake. Akavuta kiti. "Nilisema mimi," akaanza, anawaambia mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani. "Nilisema huyu ni chuma cha pua! Mnamwona? Amejitoa mkono kwa ajili ya bosi wake. Uaminifu kama huu hauko tena duniani." Akamshika kaka bega. "Feni ni yako mpaka uzeeke, Gogo. Na wewe Cheche, yamekwisha, hasira hasara, tunajua sote. Jumatatu njoo, nyundo inakungoja."

Mtu huyu! Damu ya kaka haijakauka kwenye fuawe lake, na bado anapima watu. Nikahisi masikio yananiwaka moto. Nikasimama, kiti kikaanguka nyuma yangu. Mzee akanyanyuka na yeye, akaacha machungwa, akaaga akiwa ameshafika mlangoni.

Tukabaki wawili. Mama alikuwa ameenda kutafuta maji ya moto. Kaka alikuwa anatazama dari.

"Sikumkinga yeye," akasema.

"Najua."

"Ungemuua."

"Ningemuua, kaka. Na ningefurahi."

"Najua. Nilikuona uso." Alikuwa hajazoea kusema maneno mengi kwa mfululizo, yakawa yanatoka moja moja. "Baba nilikuwa nasimama, naye anapiga mpaka anachoka. Nikajua nikisimama, itaisha. Wewe huchoki, mdogo wangu. Mtu akisimama mbele yako, haiishi. Ilibidi nisogee." Akauinua kidogo ule mkono uliofungwa, akautazama kama kitu cha jirani. "Sasa mkono mmoja nimetoa. Wa pili nauhitaji."

Nilicheka. Nilidhani ametania, na kaka kutania ni jambo la kuandikwa ukutani. Nikalia pia, vyote pamoja, nikamwelewa Kicheko. Nikamwambia kaka, naapa, nyundo siishiki tena, nitauza mkaa, nitafua nguo za watu, nitafanya lolote. Niliapa kwa jina la mama na kwa kaburi la baba, nikaapa na kwa vitu ambavyo havipo. Akaitikia kwa kichwa. Akasema ana kiu.

Kikombe kilikuwa kwenye kijimeza upande wangu, kimejaa. Nikakichukua, nikanyoosha mkono wa pili nimwinue kichwa apate kunywa.

Kaka alishtuka. Kichwa chake kilijibanza kwenye mto, macho yakafumba, na kile kipande cha mkono kikainuka chenyewe na bandeji zake kukinga uso. Ilikuwa nukta moja tu. Akafumbua macho, akaona ni kikombe, akajaribu kutabasamu ili nisione.

Lakini nimeshaona. Nikarudisha kikombe mezani, nikatoka wodini kumwita nesi aje amnyweshe.